Habari ipo, kisanduku cha kutafuta kinasema haipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, na nikirefusha mnisamehe maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Kuna msomaji aliandika hapa analalamika kwamba tovuti za magazeti, sio hili lako tu, ukiandika neno kwenye kile kisanduku cha kutafuta unaambiwa "hakuna matokeo", wakati yeye habari yenyewe ameikata gazetini na anayo mezani. Alitafuta "mkopo". Habari ipo, kichwa chake kina neno "mikopo", na bado kompyuta ikamjibu hakuna. Akamalizia kwa kusema aidha mafundi ni wavivu au habari zinafutwa makusudi.

Mimi ni mmoja wa hao mafundi. Miaka kadhaa sasa nahangaika na maktaba za mtandaoni za watu mbalimbali, na nataka nimwambie huyo ndugu kwamba habari yake haijafutwa. Uvivu upo, sikatai, ila mzizi wa tatizo uko kwenye kitu ambacho hata mafundi wenyewe wengi hatukijui vizuri, tunakiwasha tu alafu tunaenda kulala.

Nianze hivi. Njia ya kwanza ambayo kila fundi anajifunza ni kuiambia datubesi, yani lile ghala ambalo habari zote zimehifadhiwa, "niletee kila habari yenye hizi herufi popote", ndo ile amri ya LIKE yenye asilimia mbele na nyuma. Hiyo haikosi habari yoyote yenye herufi hizo, lakini kila mtu akibonyeza kutafuta, datubesi inasoma habari zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, maana indeksi ya kawaida, yani orodha ya kutafutia, imepangwa kwa herufi za mwanzo na wewe umeshaificha herufi ya mwanzo. Habari elfu mbili tatu hata huoni tofauti. Zikifika laki kadhaa, seva inaanza kuhema. Hapo ndo fundi anawasha kinachoitwa indeksi ya maandishi kamili, ambayo ni kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu: neno fulani, linapatikana kwenye habari namba hii na hii na hii. Swali linajibiwa kabla hujatoa kidole.

Sasa hapo ndo penyewe. Faharasa ya nyuma ya kitabu haina kila neno la kitabu, kuna mtu alikaa akachagua. Na hii ya kompyuta ni hivo hivo, kuna mtu alichagua, ila huyo mtu alikuwa anawaza Kiingereza, na sisi tumeichukua jinsi ilivyo.

Chukua MySQL, datubesi ambayo tovuti nyingi sana zinaitumia. Zile tebo zake za zamani (tebo ni jedwali ambamo habari zinakaa), za aina inayoitwa MyISAM, indeksi yake imekuja na setingi kwamba neno la chini ya herufi nne haliingizwi kabisa. Kwa Kiingereza labda unapoteza vineno vidogo vidogo. Kwa Kiswahili unapoteza "bei". Unapoteza "ada", "mti", "dua", "jua". Fikiria gazeti ambalo huwezi kutafuta bei! Tebo za aina nyingine, InnoDB, ambazo zilianza kukubali indeksi hii kwenye toleo la 5.6 mwaka 2013, zimeshusha hadi herufi tatu, kwa hiyo "bei" imepona, lakini "ua" bado liko nje. Na kubadilisha hiyo namba sio kubadilisha tu ukaondoka, inabidi uzime seva uiwashe tena na ujenge indeksi upya, na hapo wengi wanabadilisha namba, wanasahau kujenga upya, alafu wanaapa kwamba setingi haifanyi kazi.

Alafu kuna orodha ya maneno ya kutupwa, yani maneno ambayo mashine inaona ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayana faida. MyISAM ina 543, yote ya Kiingereza. InnoDB ina 36 tu, na ukiyasoma yana mchanganyiko wa ajabu, kuna "the", kuna "www", kuna "und" ya Kijerumani, na kuna "la", ambalo kwa bahati kwetu nalo ni neno la kutupwa kweli. Lakini kuna na "who". Sasa mtu anatafuta habari za Shirika la Afya Duniani, anaandika WHO kama kila mtu anavyoandika, mashine inaona ni "nani" ya Kiingereza, inatupa, hamna kitu. Huku "kwa", ambalo lipo karibu kila sentensi ya Kiswahili, na mengine kama hilo ya herufi tatu kwenda juu, yanaingia yote na kujaza indeksi bure.

Na kuna moja iliwahi kunikesha usiku mzima, nisipoisimulia sitakuwa nimesema kitu. Nilikuwa najenga maktaba ya nyaraka za taasisi moja. Nikaweka nyaraka tatu za majaribio, mbili zina neno "mkopo", moja haina. Nikatafuta mkopo. Sifuri. Nikaangalia tahajia, sawa. Nikajenga indeksi upya, sifuri. Nikafuta tebo nzima nikaanza mwanzo, sifuri, nikaanza kudhani kompyuta imerogwa. Saa tisa za usiku ndo nikaja kusoma kwenye maelezo ya MySQL yenyewe kwamba MyISAM, ukitafuta kwa njia yake ya kawaida, neno lililopo kwenye nusu ya nyaraka au zaidi linahesabiwa kama neno la kutupwa. Mbili kati ya tatu ni zaidi ya nusu. Yani kadri neno lilivyo muhimu kwenye kundi lako la nyaraka ndivyo linavyozidi kufichwa! Kwa nyaraka laki moja za kila aina hiyo sheria inaleta maana, ila kwa chama cha kukopeshana ambacho kila karatasi yake ina neno mkopo, ni msiba. Kutafuta kwa njia ya boolean, ile ya kuweka alama za jumlisha na kutoa kwenye maneno, kunairuka hiyo sheria, na InnoDB haina hiyo sheria kabisa, lakini niambie mwenye tovuti gani anajua tebo zake ni za aina gani.

Haya, tuseme hayo yote umeyarekebisha. Bado "mkopo" haijapata "mikopo". Na hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo kwetu.

Lugha za Ulaya neno linabadilika mkiani. Kwa hiyo mafundi wao walitengeneza programu za kukata mikia, anayejulikana sana ni Martin Porter ambaye alitoa ya Kiingereza mwaka 1980, na baadae akaanzisha Snowball yenye lugha nyingi. Unakata mkia wa neno kwenye indeksi, unakata na mkia wa neno alilotafuta mtu, yanakutana kwenye shina. Sasa Kiswahili neno linabadilika kichwani, katikati na mkiani kwa wakati mmoja. Mkopo, mikopo, kukopa, alikopa, hawajakopeshwa, wakopaji, tukikopeshana. Kilichobaki kila mahali ni "kop" imekaa katikati. Ukiweka kinyota mwishoni, kisimame badala ya herufi zozote zinazofuata, ukaandika "mkop*", unapata mkopo na mkopaji basi, mikopo hupati. Na kinyota mwanzoni MySQL haikubali. Kwa hiyo ule ujanja wote wa kukata mkia, ukiuleta kwetu, unafanya vituko: PostgreSQL, datubesi nyingine inayotumika sana, ikiwa imeachwa kwenye setingi ya Kiingereza, "mwanamke" linakatwa e ya mwisho linabaki "mwanamk", na "wanawake" linabaki "wanawak". Hayajakutana, yamekatwa tu bure.

PostgreSQL haina setingi ya Kiswahili. Nimeona mtu anabishana sana kwamba ukihamia Elasticsearch, ambayo ni injini maalumu ya kutafuta, mambo yanaisha, basi nayo kwenye orodha yake ya lugha ina Kiarabu, ina Kibengali, ina Kibaski, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kuhama nyumba peke yake hakusaidii, mzigo wako unaenda nao.

Kwa hiyo kwenye PostgreSQL chagua ile setingi inaitwa "simple", ambayo haikati wala haitupi kitu, inashusha tu herufi kubwa kuwa ndogo. Angalau haikudanganyi. Ina mipaka yake nayo. Waraka mmoja ukigeuzwa kuwa orodha ya maneno, hiyo orodha haitakiwi kuzidi megabaiti moja, ukizidisha unapewa kosa na waraka hauingii. Nilikutana nayo kwa ripoti moja nene ajabu iliyoskaniwa, maana maandishi ya skana yana makosa mengi na kila kosa ni neno jipya, orodha inavimba. Na kingine kinachofanyika kimya kimya: nafasi ya neno inahesabiwa mpaka 16,383 basi, maneno yote yanayofuata yanaandikiwa namba hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye kitabu kirefu, ukitafuta maneno mawili yanayofuatana, kuanzia hapo kwenda mbele majibu hayaaminiki, na hakuna onyo lolote. Dawa ni rahisi kuliko inavyoonekana: usiingize kitabu kizima kama waraka mmoja, kivunje kwa sura au kwa ukurasa. Hata msomaji anafurahi zaidi kuambiwa ukurasa wa 212 kuliko kupewa kitabu chote ajitafutie.

Alafu ng'ombe. Jamani ng'ombe! PostgreSQL ikiona ile alama ya juu inavunja neno, inapata "ng" na "ombe". Ukitafuta kwa alama ile ile vinavunjika hivo hivo na unampata, ila mtu akiandika "ngombe" bila alama, kama sisi wote tunavyoandika kwenye simu, hampati. Na kuna alama mbili, ile iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda ambayo simu na programu za kuandikia zinaiweka zenyewe, kwa jicho la haraka huoni tofauti, kwa mashine ni herufi mbili tofauti kabisa. Kwenye injini zinazoacha neno zima bila kulivunja, ng'ombe wa alama nyoofu na ng’ombe wa alama pinda ni wanyama wawili wasiojuana. Mimi sasa hivi kabla sijaingiza chochote kwenye indeksi nafuta alama zote mbili, na swali la mtafutaji nalo nalifanyia hivo hivo. Mistari miwili tu ya programu. Nilichelewa miaka kuiandika.

Sasa njia mbadala. Ninayoipenda mimi ni trigramu, na naomba niielezee kwa mkono maana ni kitu cha kuonekana. Unalikata neno vipande vya herufi tatu tatu zinazopandana. PostgreSQL ina kiongezo kinaitwa pg_trgm, kinaweka nafasi mbili tupu mwanzoni mwa neno na moja mwishoni, alafu kinakata. "Mkopo" inatoa vipande sita, "mikopo" saba. Vinavyofanana ni vinne: ile m ya mwanzo, "kop", "opo", na "po" ya mwishoni. Ukivijumlisha vyote bila kurudia ni tisa. Nne kwa tisa ni 0.44, na kiwango cha kukubali kilichokuja nacho ni 0.3, kwa hiyo yameshapita, ni ndugu. "Kitabu" na "vitabu" yanapata 0.4, yamepita. "Mwalimu" na "walimu" 0.5. Bila kujua hata neno moja la sarufi yetu! Siku ya kwanza kuona hayo nilicheka peke yangu.

Furaha haikudumu. "Ndoa" na "ndoo" yanapata 0.43. Kwa mashine hiyo, ndoa na ndoo ni ndugu wa karibu kuliko kitabu na vitabu. Kuna mtu alitafuta migogoro ya ndoa kwenye maktaba yangu akaletewa habari ya uhaba wa maji na picha ya kina mama na foleni ya ndoo, akanipigia simu, sikujua nimjibu nini. Upande wa pili "jino" na "meno" yanapata 0.11, yamekatwa, wakati mtoto wa darasa la kwanza anajua ni kitu kimoja. Na "mkopo" na "wakopaji" yana kipande kimoja tu cha kufanana.

Kwa hiyo siiachii trigramu peke yake. Ninachofanya, na fundi wako anaweza kukifanya ndani ya wiki, ni kutoa orodha ya maneno yote yaliyopo kwenye maktaba, kila neno mara moja, na kuliweka kwenye tebo yake. Orodha hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na habari zenyewe. Mtu akitafuta, trigramu inapekua hiyo tebo ndogo tu, inaleta maneno yanayokaribiana, alafu kwa maneno hayo ndo unaenda kwenye indeksi kubwa. Ni haraka, na unaweza kumwonyesha mtafutaji: tumetafuta na haya pia, ondoa usilolitaka. Aone ndoo, aitoe mwenyewe.

Na kwenye hiyo tebo nikaongeza safu ya mzizi. Hapo niliumbuka vizuri. Nilijiona mjanja nikaandika programu ya kukata vichwa: ukiona nafsi, ni, u, a, tu, m, wa, ikifuatwa na wakati, na, li, ta, me, basi kata vyote kinachobaki ni kitenzi. "Alikopa" ikatoa "kopa", safi. "Watakopa", safi. Nikaiachia usiku ifanye kazi kwenye maneno yote. Asubuhi nakuta "walimu" imekuwa "mu". "Alizeti" imekuwa "zeti". "Utamaduni" imekuwa "maduni", na "watalii" imekuwa "lii". Utamaduni wetu wote umekatwa kichwa! Mashine haina kosa, ilifanya nilichoiambia. Nikajifunza kwamba hukati kitu mpaka kile kinachobaki kipo kwenye orodha ya mizizi unayoijua, na hata ukikata, neno zima linabaki pale pale pembeni ya mzizi wake, hulitupi. Baada ya hapo nikakaa jumapili kadhaa napitia kwa mkono. Jino na meno, ulimi na ndimi, yale yasiyofuata njia niliyaandika moja moja, sio mengi kama mtu anavyoogopa.

Kuna kingine hakihitaji ufundi wowote, na nadhani ndicho kilichonisaidia kuliko vyote. Tunza logi, yani faili la kumbukumbu, ya kila kilichotafutwa kikatoa sifuri. Isome kila wiki. Nilivyoanza kuisoma niliona aibu, watu walikuwa wananiambia kila siku kwa maandishi kinachokosekana na mimi nilikuwa sijafungua hilo faili. "Zahabu" badala ya dhahabu, "samani" kwa thamani, "galama", "shukurani" na "shukrani". Kwa hiyo nikaweka sheria kwamba kwenye indeksi dh na z zinakuwa kitu kimoja, th na s kitu kimoja, r na l kitu kimoja. Ndio, sasa samani za ndani zinakutana na thamani ya ardhi, nakubali. Kwa hiyo neno lililoandikwa sawa sawa na alivyoandika mtafutaji nalipa nafasi ya juu, haya mengine yanafuata chini. Ni bora kuletewa cha ziada ukakipita kuliko kuambiwa hamna.

Sasa kuna wale wa kusema "kwanini mateso yote hayo, weka injini kubwa". Sina ugomvi nazo. Lucene, programu ya msingi ya kutafutia, imeanza 1999 kwa mkono wa Doug Cutting, na injini za Solr na Elasticsearch zote zimejengwa juu yake, ni kazi ya heshima na ukiwa na mamilioni ya nyaraka huna pa kukimbilia. Ila ujue unachonunua. Elasticsearch jinsi ilivyokuja inakuonyesha matokeo mpaka ya 10,000, ukitaka kwenda mbele kwa kurasa inabidi uulize kwa njia nyingine. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba sasa una maghala mawili, datubesi yenye habari na injini yenye indeksi, na lazima yakubaliane kila sekunde. Habari ikirekebishwa huku na kule isirekebishwe, mtu anaona kichwa cha zamani. Nimeshuhudia mahali habari imeondolewa kwa sababu ilimtaja mtu kimakosa, datubesi imefutwa, ukurasa umefutwa, watu wameomba radhi, na wiki nzima kisanduku cha kutafuta kinaendelea kuonyesha jina lake na mistari mitatu ya ile habari chini yake, kwa sababu ile kazi ya kupeleka mabadiliko kwenye injini ilikufa kimya kimya na hakuna aliyekuwa anaiangalia. Ukiweka injini ya pembeni, weka na mtu au programu ya kulinganisha hesabu za pande mbili kila siku, la sivyo usiweke.

Na kwa maktaba ndogo hata hiyo PostgreSQL ni nyingi. SQLite, datubesi ambayo ni faili moja tu, tangu 2015 ina indeksi yake inaitwa FTS5, na toleo la mwisho wa 2020 likaongeza trigramu ndani yake, ambapo ukiandika "kop" inapata kila neno lenye kop katikati. Inapata na kopo la rangi na kopi ya cheti, sawa, ila mikopo imo. Kikwazo ni kwamba chini ya herufi tatu haitafuti. Na kama una habari mia tano basi hata LIKE inatosha, achana na maneno ya watu.

Hizi vekta ambazo kila mtu anazitaja siku hizi, za kutafuta kwa maana na sio kwa herufi, nimezijaribu. Mtu anaandika "kukosa pesa ya ada" inamletea habari za mikopo ya wanafunzi bila neno hata moja kufanana, inapendeza. Alafu mtu anaandika namba ya kesi, anataka ile ile na sio nyingine, inamletea kesi tano zinazofanana fanana. Kwa jina la mtu na namba, indeksi ya maneno bado haijapata mpinzani. Mimi naziweka zote mbili pamoja pale penye seva ya kutosha.

Mhariri, ninachokuomba wewe ni kitu cha dakika kumi. Mwite fundi wako, kaa naye, mwambie atafute mbele yako "bei", alafu "WHO", alafu ng'ombe kwa alama zote mbili na bila alama, alafu "mkopo" na "mikopo" uone kama hesabu zinakaribiana. Usimkemee, huenda kisanduku hicho alikikuta. Muulize tu ile logi ya sifuri iko wapi, na kama haipo aiwashe leo leo.

Na yule ndugu aliyelalamika, wakati unasubiri, andika umoja, usipopata andika wingi, usipopata andika kitenzi na "ku" mbele. Habari yako nimeitafuta hivo nikaipata kwa "mikopo", na hata "kukopesha" ipo, aya ya tatu.

Ni mimi,
Fundi wa tovuti, msomaji wenu wa siku nyingi